Kadi ya Kina

"Mzigo umetoka stesheni," redio ikakwaruza sikioni. "Teksi nyeupe. Mwanamke, suti ya kijivu, mkoba mweusi magotini."

"Namwona."

Nge akavuta mafuta. Yamaha ikachomoka katikati ya malori mawili, na dereva wa lori la nyuma akamtolea tusi la nguoni. Siku nyingine angerudi kumjibu. Leo hakuwa na nafasi.

Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi. Watu wa maofisini walikuwa wakivuka barabara huku wakisoma simu zao, kila mmoja akiamini magari yote yana breki.

Teksi ikakata kulia. Nge akakata kulia. Teksi ikaongeza mwendo.

"Fundi, anakuja kwako. Mita mia tatu."

"Niko tayari, dada. Ila sare hii imenibana tumbo. Nikipumua, vifungo vitaruka."

"Basi usipumue."

Penye mzunguko wa barabara, askari wa usalama barabarani alinyoosha mkono na teksi ikasimama. Askari yule hakuwa askari. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kuunda vijidude vya kusikiliza siri za watu, na idara nzima ilimwita Fundi.

"Habari ya asubuhi, dereva. Leseni."

"Nimekosa nini, afande?"

"Bado sijajua. Ndiyo maana naomba leseni."

Mwanamke wa kiti cha nyuma akashusha kioo. "Nina miadi saa nne na nusu. Mnanichelewesha."

"Miadi yako ameshapewa mtu mwingine, mama," Fundi akasema kwa adabu zote. "Wewe karibu chai."

Dakika nne baadaye yule mama, mtaalamu wa maandishi ya kale aliyekodiwa kutoka nje, alikuwa ndani ya gari la idara lenye vioo vyeusi, kikombe mkononi, amekasirika lakini salama. Nge alikuwa amevaa koti la kijivu la mama huyo. Lilimpwaya mabegani kidogo. Ndani ya mkoba mweusi alikuta hadubini ndogo ya kidijitali, kompyuta ya mkononi, na barua ya mstari mmoja: *Mleta barua hii ndiye mtaalamu wetu.* Haikuwa na jina wala picha. Watu wa kazi hii wanaogopa sana kuandika majina, na mara moja moja woga huo huwatokea puani.

Simu ikatetemeka. Nokia ya zamani, ile isiyojua mtandao ni kitu gani.

"Nge."

"Mkuu."

"Rudia amri."

"Dalali anauza kipande cha ngozi chenye maandishi ya kale. Chini ya ngozi kuna chipu. Ndani ya chipu kuna majina ya watu wetu kumi na mmoja walioko nje. Yakimfikia Mnunuzi, wamekwisha. Niichukue chipu. Nisipoweza, nihakikishe Mnunuzi haiamini."

"Kwa nini unakwenda peke yako?"

"Kwa sababu akiona kikosi, atajua majina ni ya kweli. Atayatuma kwa wakubwa wake kabla hatujavunja mlango."

"Na Dalali?"

Nge akatazama vidole vyake. Vilikuwa vimetulia. Alishangaa.

"Nge. Na Dalali?"

"Asiguswe. Ana pasipoti ya kibalozi."

"Jioni anapanda ndege. Tukimgusa tunaanzisha ugomvi wa nchi na nchi. Pole tena kwa mjomba wako, lakini leo unakwenda kazini, huendi matangani."

Mkuu akakata.

*

Mjomba wake Nge alikuwa mtu wa kadi.

Kwa miaka thelathini na moja alikaa ghorofa ya tatu ya maktaba, chumba cha mwisho upande wa kushoto, akitunga kamusi ya Kiaramu cha Maandiko. Kila neno lilikuwa na kadi yake. Kila kadi ilikuwa na maana, asili, ndugu wa neno lile katika lugha nyingine, na sentensi za mfano. Kadi zilikaa kwenye droo za mbao zilizokuwa zikilalamika zikivutwa. Wafanyakazi wenzake walimwita Mzee Kadi na wakamcheka kwamba akifa ataomba azikwe kwa alfabeti.

Ndiye aliyemlea Nge. Dada yake alipofariki, akamchukua mtoto wa miaka tisa aliyekuwa amegoma kusema, akamketisha kwenye meza ya jikoni, akamwekea rundo la kadi mbele. "Nipangie," akasema. Hakuuliza maswali. Mtoto akapanga kadi miezi miwili, kisha siku moja akauliza neno fulani maana yake nini. Mzee Kadi alitoka nje kulia, akarudi akidai ni vitunguu.

Neno lenyewe lilikuwa *amik*.

"Maana yake ni kirefu kwenda chini," alimwambia. "Chenye kina. Katika Maandiko yote ya Kiaramu limetumika mara moja tu, mpwa wangu. Mara moja! Ni nabii aliyekuwa mateka Babeli, anamshukuru Mungu anayeyatoa nje mambo yaliyozama na kufichika. Sasa sikiliza ukoo wake. Waebrania wana neno la mzizi huohuo, kwao ni bonde. Waarabu wanalo, kwao ni kina cha bahari na kina cha fikra. Na hukohuko Babeli, nduguye neno hili lilikuwa na maana ya mtu mwenye hekima. Unaona? Kwao mwerevu hakuwa mtu aliyepanda juu. Alikuwa mtu aliyeshuka."

Aliipenda kadi ile kuliko zote.

Wiki tatu zilizopita, saa kumi alasiri, Mzee Kadi alikutwa chini ya ngazi za maktaba. Alikuwa ameanguka kutoka ghorofa ya tatu. Polisi wakaandika kwamba aliteleza. Nge akaenda chumbani kwake, akavuta droo moja moja, akapitisha kidole kama alivyofanya utotoni. Kadi elfu mbili na ushei zilikuwepo. Moja haikuwepo.

*Amik.*

Daftari la wageni lilionyesha watu kumi na mmoja walipanda ghorofa ile siku hiyo. Mmoja wao alikuwa Dalali, mwuza vitu vya kale, mtu wa suti nzuri na glavu nyeupe. Dalali alifika hata mazishini. Alileta shada kubwa, akawapa mkono wanaume, akaondoka mapema. Baunsa wake alibaki akisaidia kupanga viti, kwa wema kabisa.

Nge alimshuku. Lakini mjomba hakumlea amhukumu mtu kwa kushuku. Aliapa makaburini: siku nitakayojua kwa hakika, huyo mtu hatalala tena. Kiapo hicho ndicho alichopanda nacho lifti saa nne na dakika ishirini na tano, ndani ya koti la mtu.

*

Ghorofa ya tisa. Zulia la bluu. Mlango wa kioo cha kuvuta.

Baunsa alikuwa amesimama mlangoni, shingo nene, kifaa cha kukagulia mkononi. Akampitishia Nge kila mahali. Hakikulia. Bastola yake ya Beretta ilikuwa kwa Fundi, na kamera iliyokuwa kwenye fremu ya miwani yake ilikuwa ndogo kuliko punje ya mtama.

Baunsa akamtazama usoni. Akatazama pembeni. Akamtazama tena.

"Tumewahi kuonana?"

"Kama uliwahi kusoma chuoni kwangu," Nge akajibu.

Baunsa akamfungulia mlango. Kutajiwa chuo kulikuwa kumemuumiza.

Ndani kulikuwa na meza ndefu, viti sita, na jagi la maji. Dalali alisimama upande mmoja, amevaa glavu. Upande wa pili alikaa Mnunuzi, mtu mdogo mwenye sweta, sura ya mwalimu wa hesabu aliyechoka. Ukimwona barabarani ungemwuliza njia. Watu waliowahi kumdanganya hawakuwahi kurudia, na haikuwa kwa sababu ya kutubu.

"Mtaalamu, karibu," Mnunuzi akasema. "Nimekuita kwa jambo moja tu. Huyu bwana ananiuzia vitu viwili kwa pamoja. Kimoja siwezi kukikagua hapa, lazima nikiamini. Kingine unaweza kukikagua wewe. Kikiwa cha kweli, nitaamini na hicho cha pili. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Dalali akafungua sanduku. Lilikuwa la chuma, na ndani yake, juu ya kitambaa cheusi, kulikuwa na kipande cha ngozi kisichozidi kiganja, rangi ya kahawia, kingo zimeliwa.

"Kina, waheshimiwa," Dalali akaanza, sauti imejaa asali. "Neno hili katika Maandiko yote ya Kiaramu limetumika mara moja tu. Hapa mnaliona mara ya pili. Waebrania wana mzizi huohuo, kwao ni bonde. Waarabu wanalo, kina cha bahari na kina cha fikra. Na Babeli, nduguye lilikuwa na maana ya hekima. Kwao mwerevu hakuwa mtu aliyepanda juu. Alikuwa mtu aliyeshuka."

Masikio ya Nge yakaziba.

Yalikuwa maneno ya meza ya jikoni. Neno kwa neno, pumzi kwa pumzi, na yalikuwa yakitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine. Lakini mjomba aliwahi kuwafundisha wanafunzi. Huenda Dalali aliyasikia darasani. Nge akajilazimisha kuinama juu ya ngozi.

Akasoma mstari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Maombi ya kawaida, yameunganishwa vipande vipande.

Mstari wa nne ukamkata pumzi.

*Kisima ni cha kina, lakini kamba ya mama hufika maji.*

Watunga kamusi wana desturi moja wasiyoitangaza. Kazi ya maisha inaibiwa kwa urahisi, na mwizi akibanwa husema, "Lakini maneno ni ya wote." Kwa hiyo mtunzi huficha uongo mmoja mdogo ndani ya kazi yake, kitu ambacho hakipo mahali pengine popote duniani, akakinyamazia. Siku akikikuta kwenye kitabu cha mtu mwingine, amemkamata. Mzee Kadi naye aliweka mtego wake, na aliuweka kwenye kadi aliyoipenda.

"Nitungie sentensi yenye neno kina," alimwambia mpwa wake jikoni, jioni ileile ya vitunguu. Mtoto aliyefiwa na mama akafikiri, akasema sentensi yake. Mjomba akaigeuza Kiaramu, akaiandika chini ya kadi kwa wino mwekundu: *kutoka ngozi isiyowahi kuchapishwa.* Wakacheka. Wakaahidiana kutomwambia mtu.

Ngozi hii, iliyodaiwa kuwa na miaka elfu mbili, ilikuwa na maneno ya msichana wa miaka tisa.

Kadi iliibwa siku aliyoanguka mjomba. Aliyekuwa nayo ndiye aliyekuwa chumbani.

Nge hakuinua kichwa. Alihofia wangeona macho yake. Chuki ilimpanda taratibu, kuanzia miguuni, na alipoihisi imefika kifuani aliikaribisha kama ndugu aliyechelewa.

"Mtaalamu?" Mnunuzi akaita.

"Dakika moja." Akaunganisha hadubini na kompyuta. Picha ikajaa kwenye kioo, nyufa za ngozi zikaonekana pana kama mitaro. "Sogea uone."

Mnunuzi akasogea.

"Hizi ni nyufa za uzee. Ngozi hupasuka ikikauka, baada ya karne nyingi. Kama maandishi ni ya kale, ufa hukata herufi katikati. Sasa tazama hapa. Wino umetiririka ukaingia ndani ya ufa. Hapa pia. Na hapa kwenye ukingo uliomeguka, wino umelamba ukingo."

"Maana yake?"

"Ngozi ilipasuka kwanza. Wino ukaja baadaye."

Mnunuzi akasogeza uso karibu na kioo.

"Na kingine. Waandishi wa kale waliichora mistari, kisha wakaning'iniza herufi chini yake, kama unavyoanika nguo kwenye kamba. Huyu amezikalisha herufi juu ya mstari. Hivyo ndivyo tunavyoandika kwenye daftari la shule. Ngozi ni ya kale. Maandishi yana wiki mbili, tatu."

Uso wa Dalali ukabadilika rangi, kisha ukatafuta tabasamu na kulikosa. "Mtaalamu amekosea. Ndugu yangu, nakuhakikishia—"

"Bosi!" Baunsa akaropoka kutoka mlangoni. Sura yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyekumbuka jina la wimbo. "Nimemjua! Huyu nilimwona makaburini. Ni mpwa wa yule mzee!"

Dalali akarukia nafasi ile bila kuangalia anatua wapi.

"Umesikia? Si mtaalamu huyu! Ni tapeli! Ni mpwa wa yule mzee wa maktaba, amekuja kuniharibia!"

"Mzee gani?" Mnunuzi akauliza.

Aliuliza polepole sana.

"Yule... mzee mmoja tu. Wa hapa mjini. Alifariki."

"Ulinieleza ngozi hii ilitoka pangoni, nchi ya mbali, mikononi mwa wachunga mbuzi. Mzee wa maktaba ya hapa mjini anaingiaje?"

Mdomo huponza kichwa. 

Hapo ndipo Nge alipofanya kazi yake ngumu kuliko zote za siku ile. Alivua miwani, akaiweka mezani, jicho la kamera likielekea Dalali. Kisha akaruhusu machozi. Hakuyaigiza. Alikuwa ameyafungia wiki tatu nzima, na yalipopewa ruhusa hayakusubiri kuitwa mara ya pili.

"Ni kweli," akasema. "Mimi si mtaalamu mliyemwita. Napanga kadi maktaba. Mjomba wangu aliuawa kwa ajili ya kadi moja. Mstari wa nne wa ngozi hii niliutunga mimi, kwenye meza ya jikoni, nikiwa na miaka tisa. Sijui kitu cha pili mnachouziana ni nini, na sitaki kujua. Nilitaka nimwone tu mtu aliyemuua mjomba wangu. Nimeshamwona."

Mnunuzi alimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa na kazi ya kupima watu, na alimpima huyu kuanzia kope hadi vidole. Akaona uchungu, na uchungu ulikuwa wa kweli. Serikali haimtumi mtu anayelia. Kama majina yale yangekuwa na uzito wowote, mlango ungekuwa umeshavunjwa na wanaume ishirini. Badala yake alikuwa amekuja mpwa mmoja, na koti la kuazima.

Akaingiza vidole viwili chini ya kitambaa cheusi, akatoa chipu.

"Ngoja!" Dalali akasema. "Hiyo ni ya kweli! Majina ni ya kweli, naapa!"

"Na ngozi uliapia pia. Ukaapa kwa watoto wako."

"Jaribu! Iweke kwenye kompyuta uone!"

"Kitu cha mwongo hakiingii kwenye mashine yangu. Nani anajua umeniwekea nini humo." Mnunuzi akaangusha chipu sakafuni, akaikanyaga kwa kisigino, akakizungusha kisigino kama mtu anayezima sigara. "Niliwapigia simu wakubwa wangu jana usiku. Niliwaambia wewe ni mtu wa kuaminika. Sasa itabidi niwapigie tena."

"Tafadhali, nipe siku mbili tu—"

"Pole, binti," Mnunuzi akamwambia Nge, na inawezekana alimaanisha. Akatoka.

Lifti ikalia. Milango ikajifunga.

Majina kumi na moja yalikuwa vumbi kwenye zulia la bluu.

*

"Mtupe nje," Dalali akasema kwa sauti iliyopasuka. "Dirishani!"

Baunsa akaja.

Alikuwa mkubwa, na wakubwa hupenda kushika. Nge akamwachia ashike koti. Koti lilikuwa la mtu mwingine, na lilimpwaya, kwa hiyo alitoka ndani yake kwa hatua moja na kumwacha Baunsa amekumbatia nguo. Jagi la maji likatua kwenye sikio. Baunsa akayumba. Goti moja likaingia mahali ambapo hakuna mazoezi yanayosaidia, na alipoinama, Nge akamsindikiza kwa mikono miwili hadi ukingo wa meza.

Kishindo.

Baunsa akalala chini akihema. Meno mawili yalikuwa yameshajitafutia makao mengine.

Dalali akatazama. Aliona namna mpanga kadi za maktaba alivyosimama, miguu sambamba, pumzi imetulia, na akaelewa alichokuwa nacho mbele yake.

"Wewe ni mtu wa idara."

"Kaa."

Akakaa. Kisha akakumbuka kitu, akachomoa pasipoti nyekundu kutoka mfuko wa ndani, akaiinua. "Huwezi kunigusa. Unajua huwezi."

"Najua. Sijakugusa. Nataka kuuliza swali moja, halafu naondoka."

"Sijibu swali lolote."

Nge akasogea dirishani, akatazama chini barabarani. "Gari lake bado lipo. Halijawasha hata taa ya kuondoka."

Dalali akainuka, akachungulia. Ghorofa tisa chini, Mercedes nyeusi ilikuwa imeegeshwa mbele ya mlango mkuu. Mnunuzi alikuwa amesimama kando yake, simu sikioni, anasikiliza zaidi kuliko anavyosema. Wanaume wawili wakashuka kutoka gari la nyuma. Mmoja akaelekea mlango mkuu. Wa pili akazunguka kwenda mlango wa uani.

Dalali akarudi kitini, akaiweka pasipoti mezani.

"Uliza," akasema.

"Alisema nini? Mwisho."

"Sikutaka kumuua. Nilimwomba anitungie maandishi, nikamwahidi kila kitu. Akakataa. Akasema anakwenda kuniripoti. Tulikuwa kwenye ngazi. Nilimsukuma tu." Akavua glavu moja. "Lakini kabla ya hapo, chumbani, nilipovuta droo, nilijua atapigana. Hakupigana. Alicheka. Akaichukua kadi yeye mwenyewe, akanipa mkononi. Akanionyesha ule mstari mwekundu. 'Kama lazima uibe,' akasema, 'iba hii. Ndiyo bora kuliko zote. Haijachapishwa popote.'"

Nge akauinamia tena mstari wa nne.

Alijua sasa. Yule mzee wa vitunguu alikuwa amemtazama mwizi, akapima mwisho wake, na kwa muda uliobaki akamwandikia mpwa wake barua na kumkabidhi muuaji aipeleke. Muuaji akaigharimia, akaitafutia ngozi, akaiweka kwenye sanduku la chuma, akaifikisha bila kukosa. Moyo ulimuuma Nge, na palepale alijivuna hata akatamani kumwita mtu amsimulie.

"Nimekujibu," Dalali akasema. "Sasa nikamate."

"Nini?"

"Nikamate! Nimekiri! Miwani yako hiyo imerekodi, sivyo? Nifunge pingu, niweke ndani. Hii pasipoti naichana mwenyewe, tazama!" Akaichana. Kurasa zikadondoka juu ya ngozi yake ya bandia. "Nitawaambia nani aliyenipa majina. Nitawaambia kila kitu!"

"Andika aliyekupa majina."

Akaandika haraka, kwa mkono uliokuwa ukikimbia kuliko kalamu. Nge akasoma, akakunja karatasi, akaitia mfukoni. Akavaa miwani. Akaokota vipande vya chipu kimoja kimoja kwa kibano cha mtaalamu, akavifunga kwenye kitambaa. Hakuharakisha. Lifti ilianza kupanda. Namba zilikuwa zikiwaka juu ya mlango, moja baada ya nyingine.

"Twende basi! Nimeshaandika! Tutumie ngazi!"

"Unakwenda wapi?"

"Na wewe! Umesema—"

"Sijasema. Nina amri nisikuguse, na mimi amri huziheshimu." Nge akafungua mlango wa kioo. "Uko huru, bwana. Nenda popote unapotaka."

"Dada... dada yangu, nakuomba. Nina watoto."

"Nasikia uliwaapia."

Akatoka. Alipita kwenye ngazi za dharura, akashuka ghorofa tisa bila kushika reli, na nyuma yake sauti ya mwanaume ikawa ikimwita kwa majina ya heshima, kisha kwa majina ya Mungu, kisha haikuita tena.

*

Gari la Fundi lilikuwa limeegeshwa mtaa wa pili. Yule mama wa maandishi ya kale alikuwa ameshapelekwa stesheni, na chupa ya chai ilikuwa imebaki. Fundi alikuwa amefungua vifungo vya sare na alikuwa akipumua kwa raha ya mtu aliyetoka jela.

"Koti liko wapi?"

"Limechanika."

"Yule mama atatudai. Chipu?"

"Vipande." Akampa kitambaa na karatasi. "Na huyu ndiye aliyeuza majina. Mpelekee Mkuu sasa hivi, kabla mtu huyu hajatoka kwenda chakula cha mchana. Yumo kwenye jengo letu."

Fundi akasoma jina, akapiga mluzi. Kisha akamtazama. "Na Dalali? Umemfanya nini?"

"Sijamfanya kitu. Nimemwachia."

 Fundi aliinama akachungulia jengo refu kupitia kioo cha mbele, akahesabu ghorofa kwa macho, akawasha gari.

Wapo watakaokuambia kisasi ni kitu cha hasara, kwamba kinamla anayekilipa, kwamba moyo hubaki mtupu. Labda kwao. Nge aliegemeza kichwa kwenye kiti cha nyuma, akavua viatu, akavuta pumzi moja ndefu. Wiki tatu hakuwa amelala zaidi ya saa mbili kwa siku. Gari lilipofika penye mzunguko, Fundi alimwuliza kama anataka kupelekwa nyumbani au ofisini, na hakupata jibu, kwa sababu alikuwa ameshalala fofofo.